Nusu Saa ya Bi Njoo-Uone

Jumatatu, 4 Novemba

Mfumo mpya umeanza leo. Ofisi ya karani ina kompyuta mpya, waya mpya wa buluu unaopita juu ya mlango, na shangazi yule yule.

Nieleze vizuri, ingawa hakuna wa kumweleza. Karani wa shule yetu ni shangazi yangu, na ndiye ninayeishi naye. Wenzangu hawamtanii mbele yangu. Wanamtania nyuma yangu, kwa sauti ninayoisikia. Wanamwita Bi Njoo-Uone. Kila mwisho wa muhula, kabla hajahifadhi maksi za mtu, lazima amwite mwenyewe ofisini. Unakaa. Anasoma somo, anasoma maksi, anauliza, "Umeona?" Unasema umeona. Ndipo anakwenda somo linalofuata. Tuko wanafunzi mia mbili na kumi na wawili. Mmoja mmoja! Miaka yote alifanya hivyo kwa kalamu na hakuna aliyekufa.

Sasa maksi zinakaa kwenye hifadhidata, ndani ya kompyuta kubwa iliyo kwenye chumba cha Fundi, mwisho wa korido. Kompyuta ya shangazi inazungumza nayo kupitia ule waya. Fundi anataka aitwe Injinia. Shangazi anamwita Fundi. Leo amemwita hivyo mara nne ndani ya dakika kumi. Nilihesabu, kwa sababu baada ya vipindi huwa nafanyia kazi zangu kwenye benchi nyuma ya kabati la mafaili, mahali ambapo mimi mwenyewe naonekana kama faili.

Shangazi anaandika kwa vidole viwili. Kila mwanafunzi ana masomo tisa. Alipofika somo la tatu la mwanafunzi wa kwanza, skrini ikaandika: Muunganisho umekatika. Akaanza upya. Umekatika. Hakuna kinachosafiri kwenye ule waya mpaka abonyeze Hifadhi, kwa hiyo kila ukikatika, kila kitu kinafutika. Hadi kengele ya kwenda nyumbani alikuwa ameingiza watatu. Wote watatu waliugua wakati wa mtihani na wana masomo mawili tu.

Ugonjwa una faida zake.

Jumanne, 5 Novemba

Makamu wa mkuu wa shule amekuja ofisini na Fundi. Mimi faili, kimya.

Fundi ana penseli sikioni ambayo sijawahi kumwona akiitumia. Alieleza hivi: ile programu inayounganisha kompyuta zetu na hifadhidata ina faili la vigezo. Kila mstari una jina, alama ya sawasawa, na namba. Mstari mmoja unaiambia kompyuta kubwa ivumilie ukimya kwa muda gani kabla ya kukata. Makamu mwenyewe ndiye aliyeagiza kigezo hicho kiwekwe, kwa sababu kwenye majaribio ya muhula uliopita mwalimu mmoja aliacha skrini wazi, na mwanafunzi mmoja akajipa tisini na tano katika masomo yote, pamoja na somo asilosoma.

Basi Fundi amempa shangazi nusu saa ya ukimya. "Nusu saa nzima, Mwalimu. Mimi naingiza mtu mmoja kwa sekunde kumi na tano." Akaonyesha. Mwanafunzi wa uongo, masomo yote hamsini. Vidole vyake vilikimbia kama mende waliowashiwa taa. Ikahifadhi!

Makamu akamgeukia shangazi. "Bi karani, kwa nusu saa huwa unafanya nini?"

"Naandika."

"Nusu saa?"

Shangazi akajibu kwamba yeye ni karani, si mlinzi wa saa. Makamu hakulipenda jibu hilo. Alipokuwa akitoka, macho yake yalitua kwenye mto ulio juu ya kiti cha shangazi. Ule mto ni wa mgongo! Ana mgongo! Lakini mto ni mto, na mtu akishauona haoni kingine.

Alhamisi, 7 Novemba

Jina limebadilika. Sasa ni Bi Usingizi.

Nimeambiwa na Mdomo, ninayekaa naye dawati moja, ambaye anaitwa hivyo kwa sababu zinazoonekana. Anasema shule nzima inajua kwamba karani analala mbele ya kompyuta mpaka kompyuta inachoka na kujizima. Alisema kwa huruma. Huruma ya Mdomo huwa inafika madarasa manne ya jirani.

Nilitaka kumjibu. Nikachonga penseli.

Na hili siwezi kumwambia yeyote: jana jioni shangazi alikuwa anasikiliza taarifa ya habari huku anashona kitufe cha koti langu. Nilipogeuka, sindano iko mkononi, kidevu kiko kifuani. Nikamtazama. Nikajiuliza. Nimejichukia, lakini nilijiuliza.

Ijumaa, 8 Novemba

Zamu yangu ya kuona imefika. Mimi ni namba 58. Shangazi anawaita hovyo hovyo siku hizi, yeyote anayepita karibu na mlango, huenda mfumo ukamhurumia mmoja.

Ofisini shangazi hanijui. Nyumbani ni "mwanangu, njoo ule". Ofisini ni "Mwanafunzi, keti." Nikaketi.

Lugha, themanini na nne. Umeona? Nimeona. Hesabu, hamsini na tisa. Umeona? Nimeona, kwa masikitiko. Historia, themanini na saba. Umeona?

Nikachungulia daftari la maksi.

Karatasi yangu ya Historia ina 78. Ninayo. Makamu ndiye anayetufundisha Historia, na aliiandika kwa wino mwekundu, na chini yake, "Maelezo mengi mno." Lakini kwenye daftari la maksi, kwa mkono wake huo huo, ni 87. Namba zimegeuzana.

Mdomo ana 81. Na anayeongoza Historia ndiye anayekabidhiwa ufunguo wa maktaba kwa mwaka mzima. Ufunguo! Mimi peke yangu na rafu zote wakati wa mapumziko, hakuna wa kuniuliza mbona siongei. Nilikwishaona mpaka kamba nitakayoufungia shingoni. Shangazi akarudia, "Umeona?" Nikafungua kinywa kusema ndiyo —

Muunganisho umekatika.

Mfumo umenikata katikati ya dhambi.

Shangazi akavuta pumzi, akasema nirudi siku nyingine. Nilitoka mbio. Nilikuwa nimeshafika chooni, naosha uso ambao haukuwa mchafu, ndipo nikafikiri: kutoka aliposema keti mpaka kukatika ni masomo matatu na dhambi moja. Hiyo ni nusu saa? Tamaa yangu ni kubwa, lakini haina pumzi ya nusu saa.

Jumapili, 10 Novemba

Shangazi anapiga pasi. Nimemuuliza kwa nini lazima awaite wanafunzi wote. Nilitegemea nifukuzwe.

Akasema zamani, kabla sijazaliwa, alikuwa mwepesi. Aliingiza shule nzima kwa siku mbili na akasifiwa mkutanoni. Kumbe aliandika maksi za mtu kwenye mstari wa mwenzake. Mmoja akapanda darasa. Mwingine akarudia. Huyo aliyerudia alikuja siku ya kwanza, akakaa na wadogo waliokuwa wanamcheka urefu wake, na siku ya pili hakuja. Kosa lilionekana mwaka uliofuata. Shangazi alikwenda kwao kwa miguu. Nyumba ilikuwa na watu wengine.

"Sikumwita aje aone," alisema. Akaligeuza shati. "Lete na sketi."

Nikaleta na sketi. Ya 87 sikuyasema.

Jumatatu, 11 Novemba

Saa ya ukutani ofisini ina mshale wa sekunde unaotafuna kama mtu anayekula karanga. Leo nilikaa nyuma ya kabati na sikufanya kazi yoyote ya shule. Nilihesabu. Shangazi anafungua ukurasa wa mwanafunzi — moja, mbili, tatu — Muunganisho umekatika.

Thelathini.

Mara ya pili, thelathini. Mara ya sita, thelathini. Si ishirini na tisa, si thelathini na moja. Fundi alitaka dakika thelathini, akaandika 30, na kompyuta kubwa inasoma sekunde! Shangazi halali. Hapati hata muda wa kupiga chafya.

Nilipomwambia aliutazama mshale wa sekunde mpaka ukamaliza mzunguko. Kisha akasema, "Basi kamwambie Fundi."

Mimi? Mimi ambaye jina langu likiitwa asubuhi naitikia kwa kuinua kidole? Nikamwomba aseme mwenyewe. Akasema mshitakiwa hawi shahidi wake mwenyewe: akisema yeye, itakuwa mlala usingizi anasingizia saa. Ina mantiki. Naichukia mantiki.

Jumanne, 12 Novemba

Nimeiba kitabu. Nimekiazima kwa nguvu, tuseme.

Shangazi alinituma kupeleka karatasi chumba cha Fundi. Fundi alikwenda kunywa chai. Kompyuta kubwa iko juu ya meza yenye mguu mmoja mfupi, na chini ya mguu huo, kwa ajili ya kusawazisha, kuna kitabu kinene. Niliinama kusoma mgongo wake — siwezi kupita kitabu bila kusoma mgongo. Ni kitabu cha maelekezo cha ile programu! Kurasa mia sita na kumi na mbili, zimebeba hifadhidata yetu kwa maana ambayo aliyekiandika hakuikusudia.

Nikainua meza kwa bega, nikakivuta, nikachomeka kitabu changu cha Kemia. Kemia ni nyembamba. Kompyuta kubwa sasa imeinama kidogo kama mtu anayesikiliza umbea.

Nimekisoma tangu saa tisa na kamusi pembeni. Vigezo ni vingi kuliko jamaa zetu, na vina tabia hizo hizo. Ukurasa wa 347 ndio wenye chetu. Na hapa nataka kumtetea Fundi kidogo: kigezo cha juu yake, kinachofanana nacho kwa jina na sura, kinahesabiwa kwa dakika. Chetu kinahesabiwa kwa sekunde. Pacha wawili, mmoja anakula wali kwa kijiko na mwingine kwa sepetu. Mtu yeyote angekosea, hasa mtu ambaye kitabu chake kiko chini ya mguu wa meza.

Jumatano, 13 Novemba

Nimemwandikia Fundi barua, nikaipitisha chini ya mlango wake. Sikuweka jina. Nilifuta mara tano. Ilikuwa kali, ikawa ya kawaida, ikawa laini. Iliyofika ilisema: "Tafadhali, muda wa kusubiri huenda hautoshi kwa karani. Samahani kwa usumbufu. Asante kwa kazi nzuri."

Saa nane Fundi akaja ofisini anatabasamu. Amepata maoni kutoka kwa mtumiaji, alisema, na yeye ni mtu wa kusikiliza. Ameongeza. Sasa ni saa nzima!

Ameandika 60.

Shangazi sasa ana dakika moja. Anafika somo la sita. Makamu alipita, akaambiwa karani ameongezewa mpaka saa nzima, akasimama mlangoni, akatazama skrini inavyokatika. Kisha akautazama mto. Afadhali angesema.

Niliandika kwa adabu mpaka maana ikafa. Heri kujikwaa kidole kuliko ulimi, wanasema. Wanaosema hivyo hawajamwona mtu aliyeung'ata ulimi wake mwenyewe akaumeza.

Nikapendekeza kwa shangazi: andika masomo matatu, hifadhi, fungua tena. Akauliza, na nikihifadhi matatu kabla hajaona yote tisa, akatoka, akaja mwingine? Nikasema basi aite baadaye wote waje wathibitishe. Akanitazama kama alivyotazama lile shati. Nikaacha.

Alhamisi, 14 Novemba

Barua. Makamu amemwandikia shangazi: kuanzia Jumatatu dawati la karani litakuwa na "mtu mwenye kasi inayoendana na mfumo". Shangazi anahamishiwa stoo: mafagio, chaki, madawati yaliyovunjika. Makamu atakuja kesho saa nne kukabidhiwa ofisi.

Shangazi ameikunja mara nne akaitia kwenye mkoba. Ametengeneza chai. Amesahau kuweka majani. Tumekunywa maji ya moto yenye sukari.

Ijumaa, 15 Novemba

Nipo kwenye benchi nje ya ofisi. Nimetolewa.

Niandike kwa mpangilio.

Saa nne Makamu akaja na Fundi. Mimi nilikuwa nimekwenda kwa zamu yangu, namba 58, shangazi ameniita asubuhi. Makamu akasema vizuri, tuone huyu mmoja wa mwisho jinsi anavyoingizwa. Shangazi akafungua ukurasa wangu. "Mwanafunzi, keti."

Sikuketi. Nilisema, "Mwalimu, naomba utazame saa." Sauti ilitoka kama ya mbu, ikabidi niirudie, na mara ya pili ilitoka kubwa mno. Fundi alishtuka. Makamu akafikiri namwambia amechelewa. Lakini aliitazama. Akaivua mkononi, akailaza juu ya daftari la maksi.

Shangazi akasoma kama kawaida. Lugha, umeona. Hesabu, umeona. Alipofika Historia nilisema nimeona, kwa sababu ni kweli, nilikuwa nimeiona. Somo la sita: Muunganisho umekatika.

Makamu akainua saa yake. Akamuuliza Fundi kama saa nzima ndiyo hiyo imepita. Fundi akatazama dari. Nikatoa kitabu kwenye mkoba, nikafungua ukurasa wa 347, nikaweka kidole. Fundi alisoma midomo ikicheza. Akarudi juu, akasoma kile kigezo pacha. "Kumbe," akasema. Akaitoa penseli sikioni na kuitazama kana kwamba ndiyo iliyomponza.

Nilidhani imekwisha! Nilishaanza kutabasamu, mimi mjinga.

Makamu akasema sawa, kosa la mashine, Fundi atarekebisha. Lakini hata kwa muda huo wa kutosha, wanafunzi mia mbili na kumi na wawili kuja kukaa na kuulizwa umeona, umeona — hii ni shule au kliniki ya macho? Maksi zimeandikwa na walimu. Zinanakiliwa, zinahifadhiwa, basi. Mtu mpya atamaliza kwa siku moja. "Daftari lina kosa gani, Bi karani?"

Shangazi alikuwa na jibu. Nalijua jibu lake, nalijua na shati lake. Lakini alitazama kibodi tu, vidole viwili vimelala juu yake, na nikaelewa kwamba hajawahi kumwambia mtu pale shuleni, na hatamwambia.

"Historia yangu," nikasema. "Daftari linasema themanini na saba."

"Hongera," akasema Makamu.

"Karatasi inasema sabini na nane."

Nilikuwa nimeitumia kama alama ya ukurasa wa 347. Niliikunjua juu ya meza. Wino mwekundu. Maelezo mengi mno. Makamu akaiweka kando ya daftari, mwandiko wake kwa mwandiko wake, akaitazama kwa muda ambao hata ile 60 isingevumilia.

Aliyeuliza ni shangazi. Kwa mara ya kwanza ofisini alikuwa na macho ya nyumbani. "Mwanangu, kwa nini hukusema ile Ijumaa?"

"Mfumo ulikatika."

"Na kabla haujakatika?"

Nikakifunga kitabu.

Makamu akaniambia nitoke nisubiri. Basi nasubiri. Mlango haujafungwa vizuri. Naona kona ya meza, na barua ya jana, shangazi ameirudisha mezani, mikunjo minne, juu yake kuna mashine ya kubania karatasi. Hakuna aliyeichana. Wanazungumza chini. Nimesikia Makamu akisema "siku ngapi", na shangazi akisema namba ambayo sikuisikia.

Fundi amepita mbio kwenda chumbani kwake kubadilisha kigezo. Sasa hivi nasikia mlango, meza ikikwaruza sakafu, na sauti yake: nani ameweka Kemia hapa? Mimi faili.

Namfikiria yule aliyekaa na wadogo siku moja. Hivi alikuwa na maksi ngapi hasa? Shangazi lazima anajua. Nadhani anazijua somo kwa somo.

Ufunguo ni wa Mdomo sasa. Ataipotezea shule maktaba nzima kwa kuongea humo ndani. Sawa.

Mlango umesukumwa. Makamu amekaa kwenye kiti cha shangazi, juu ya mto! Daftari la maksi liko wazi mbele yake. Shangazi amesimama pembeni, mikono nyuma, kama mtahini. Skrini imewaka na haijakatika bado. Makamu amenitazama mimi, si usoni, kwenye viatu, akaniambia nimwite namba 59.

Nimeuliza, kwa sauti yangu ya mbu: aje aone?

Alilamba kidole, akafungua ukurasa wa pili wa daftari, kisha wa tatu, anatafuta Historia zake. "Na aje na karatasi zake zote," akasema.

Namba 59 ni Mdomo. Shule nzima itajua kabla sijarudi. Barua bado iko pale chini ya mashine ya kubania. Naenda kum —